Mchora Ardhi Naye Aulizwe Leseni

Wanachama wenzetu wa Unguja na Pemba,

Nchi hii haina upungufu wa leseni. Muuza chumvi na viberiti huulizwa leseni, mwenye bucha huulizwa, mchukuzi wa abiria huulizwa. Sisi tunaoandika haya ni watu wa duka. Mizani yetu hukaguliwa ikapigwa muhuri, ili mnunuzi mnyonge ajue kuwa yuko mtu wa tatu aliyeitazama kilo yake kabla yeye hajafika, na kwamba akipunjwa anapo pa kushtaki. Hatulalamiki juu ya jambo hilo. Tangu chuoni tulisomeshwa Surat al-Mutaffifin, na atakaye kujua ubaya wa kupunja vipimo na aisome. Tunalolalamikia ni kuwa muhuri huo umekomea dukani. Mtu anayechora mstari juu ya ardhi akasema hapa maji yapite, hapa watu wakae, hapa mpunga ukome, mizani yake huyo haikaguliwi na yeyote ambaye mkulima aweza kumfikia.

Wako watu ambao kazi yao hasa ni hiyo, nao kwa Kiswahili huitwa wasanifu wa mandhari. Wengi wetu tukilisikia jina hilo hudhani ni watunza bustani, wakata majani na wapanda maua mbele ya hoteli za watalii. Sivyo. Msanifu wa mandhari ni mtu aliyesomea sura ya ardhi: kipi kiinuliwe na kipi kiachwe chini, mvua ikinyesha maji yaelekee wapi na yatue wapi, mti gani ushike udongo wa ukingo, njia ipite wapi isiuzuie mto, na mahali gani pasijengwe abadani. Bustani ya Forodhani, ilipofanywa upya ikafunguliwa mwaka 2009, ilikuwa kazi ya namna hiyo, nasi twakaa pale jioni bila ya kujiuliza ni nani aliyeamua miti ile na vijia vile vikae vilivyo. Lakini Forodhani ni jambo dogo. Bustani ikikosewa watu watakosa kivuli. Bonde likikosewa watu watakosa chakula, na pengine watapoteza roho zao.

Basi tutazame sheria. Kule Bara iko Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997 na ikafanywa upya kwa sheria ya mwaka 2010. Daftari la bodi hiyo ni la wachoraji majengo na wakadiriaji kwanza, kisha umefunguliwa mlango wa pembeni kwa fani zilizo jirani nao, na wasanifu wa mandhari wamepitishwa mlango huo. Mpangaji miji ana bodi yake mwenyewe, kwa sheria ya mwaka 2007. Mhandisi anayo yake. Mpimaji ardhi ana baraza lake. Kwa jirani zetu wa Kenya mambo si bora zaidi: sheria yao, ambayo asili yake ni mwaka 1934 zama za Mwingereza, imewataja mchoraji majengo na mkadiriaji tu. Msanifu wa mandhari, ambaye Wakenya humsomesha katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja wakampa na shahada, hukaa ndani ya chama cha wachoraji majengo mfano wa mgeni aliyetandikiwa kitanda barazani.

Huko Marekani, ambako watawala wetu hupenda kutupigia mfano, jimbo la California lilitunga sheria ya kuwapa leseni watu hawa mwaka 1953, likiwa la kwanza, na leo majimbo yote 50 yanazo sheria za namna hiyo. Tena mtihani wao una sehemu nzima juu ya kusawazisha ardhi na kupitisha maji. Yaani Mmarekani alikwisha kuelewa kuwa maji ya mvua ni jambo la kumhoji mtu kabla hajakabidhiwa kalamu.

Sasa tuliondoe neno hili katika makaratasi, tulipeleke Ifakara.

Bonde la Kilombero limelala baina ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge. Kila masika mito inayoteremka kutoka pande zote mbili hujaa ikatapika juu ya uwanda, na uwanda ukageuka bahari. Maji yakipungua huacha rutuba, na rutuba hiyo ndiyo mchele wa Ifakara ambao sisi huupokea kwa mapolo na nyinyi huununua kwa kilo. Tangu mwaka 2002 hekta 796,735 za bonde hilo zimeandikwa katika mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu uitwao Ramsar. Maji yake hukadiriwa kuwa zaidi ya sehemu sita katika kumi za maji yote ya mto Rufiji, na mto huo ndio uliozibwa kwa bwawa la Nyerere ili utoe umeme wa megawati 2,115. Na umeme wa Bara, kama kila mtu ajuavyo, huvuka bahari kwa waya mpaka Fumba. Kwa hiyo anayetuuliza, “Nyinyi watu wa visiwani, Ifakara yawahusuni?” na azime taa yake kwanza, kisha aondoe sahani ya wali mbele yake, halafu aulize tena.

Wandamba na wenyeji wengine wa uwanda huo waliishi na maji hayo tangu zamani. Mpunga wao hufuata maji, mitumbwi yao hufuata maji, na msimu wa shamba ukifika familia huhamia mashambani, wengine wakikaa katika madungu yaliyoinuliwa juu ya miti, wakirudi kijijini baada ya mavuno. Huo nao ni usanifu, ijapokuwa haukuandikwa. Mtu anayejua kuwa nyumba ya masika si nyumba ya kiangazi, huyo ameisoma ardhi yake.

Lakini sheria haimsikilizi Mndamba. Sheria ya mazingira ya Bara ya mwaka 2004 imesema kuwa shughuli za kudumu zisifanywe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Maneno hayo yakisomwa Dodoma ni mazuri mno. Yapelekeni Kilombero muone. Ukingo wa mto ni upi katika nchi ambayo mwezi wa Novemba mto u ndani ya mfereji wake, na mwezi wa Aprili uko kwenye kizingiti cha msikiti? Ukihesabu mita 60 kutoka mto wa kiangazi, utamruhusu mtu ajenge mahali atakapozama. Ukihesabu kutoka maji ya masika, utavifukuza vijiji vizima na mpunga wao. Hapana mpimaji awezaye kulijibu swali hilo kwa kamba yake, kwani mpimaji hupima mstari alioambiwa apime, wala si yeye anayechagua upite wapi. Mhandisi naye amejibu alichoulizwa: daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, limesimama, na watu hawaingojei tena pantoni. Tunampa haki yake. Anayetakiwa ajibu mahali maji yanapotulia na mahali yanapopita, na ukingo gani ni wa kweli na upi ni wa karatasi, ni yule msanifu wa mandhari tuliyemwacha mlango wa pembeni.

Na mistari imechorwa mingi katika bonde lile. Pori tengefu la Kilombero lilichorwa na Mwingereza mwaka 1952. Reli ya TAZARA ilipita chini ya Udzungwa katika miaka ya 1970. Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992. Mashamba ya miwa yametanda upande wa Kidatu na Msolwa, na shamba kubwa la mpunga la Mngeta, lenye hekta zaidi ya 5,000, limepita mikono kadhaa tangu lilipoanzishwa kwa ushirika na Wakorea. Baada ya hapo ukaja mpango wa SAGCOT, nao ukaliweka bonde hili mbele katika ramani zake. Mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali ikawaondoa wafugaji na mifugo yao kwa operesheni. Baina ya mwaka 2016 na 2019 ukaja mradi wa kuwapimia wanavijiji wa Kilombero, Ulanga na Malinyi na kuwapa hatimiliki za kimila. Mwaka 2023 lile pori tengefu likapandishwa kuwa pori la akiba, ambamo kukaa, kulima na kuchunga bila ya kibali ni kosa.

Hatusemi kuwa kila mstari katika hiyo ni dhulma. Uko uliokuwa na kheri. Yule sheshe, swala wa uwanda ule, asingebaki lau hapakuwa na mtu wa kumlinda, na mwanamke aliyepata hati yenye jina lake hana sababu ya kutukana. Swali letu ni jingine. Mstari unapopita katikati ya shamba la mtu, mtu huyo akiuliza ni nani aliyesema upite hapa na si pale, huonyeshwa nini? Huonyeshwa tangazo la Gazeti la Serikali. Huonyeshwa kigingi. Huonyeshwa alama nyekundu ya X ukutani mwake. Wizara humtuma kwa wilaya, wilaya humtuma kwa wakala, wakala husema yeye ametekeleza tu. Bodi ina uwezo wa kumfuta mtu daftarini, hilo twalijua. Lakini bodi humfuta aliyesajiliwa, na mstari usio na jina la mtu haufutiki.

Tazameni lililotokea Kihansi, juu ya bonde hilo hilo. Mto ulikuwa ukianguka kutoka Udzungwa, na rasharasha za maporomoko zikilowesha bonde dogo usiku na mchana. Pakajengwa bwawa, na umeme ukaanza kutoka mwaka 2000. Katika bonde lile dogo aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani, akizaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Maji yalipogeuzwa njia, rasharasha zikapungua. Zikafungwa bomba za kunyunyiza maji ili kuiga yale maporomoko. Vyura 499 walipelekwa Marekani wakafugwe, na mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka katika makazi yake ya asili. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2012, wakaanza kurejeshwa. Wako watakaocheka kuwa twamlilia chura. Twamlilia kweli, kwa kuwa ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, lakini hoja yetu ni hesabu: bomba zilifungwa baada ya maji kuondolewa. Swali la maji yanakwenda wapi liliulizwa nyuma ya jibu lake. Ikiwa mradi mkubwa wenye fedha za mabenki ya dunia ulifanywa hivyo, mkulima wa Ifakara ambaye jirani yake ni mto Lumemo atazamie nini? Mto huo umekwisha kuingia mjini zaidi ya mara moja.

Liko na jambo la mbu, ambalo watu wa Ifakara hawahitaji kufundishwa na sisi. Pale pana taasisi ya utafiti wa afya ambayo chanzo chake ni maabara ya Waswisi ya mwaka 1957, na malaria imechunguzwa pale miaka mingi kuliko mahali pengi Afrika. Wataalamu hao watakwambia kuwa shimo lililochimbwa udongo wa barabara likaachwa wazi ni kitalu cha mbu. Nani aliyechora kuwa shimo lifukiwe, au ligeuzwe bwawa la samaki? Katika michoro ya jengo kila msumari una mwenyewe. Shimo halina.

Tumesikia watu wa upande wa pili, nao si wajinga wote. Yuko asemaye kuwa leseni ni ukuta wa wasomi: wakishaingia hufunga mlango, wakatoza ada, na fundi mwenye mkono mzuri akabaki nje kwa kukosa cheti. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mji Mkongwe haukujengwa na watu wenye cheti, na huko Marekani kwenyewe wako walalamikao hivyo hivyo hata leo. Kama leseni itakuwa ni kulinda jina la kazi na mfuko wa wenye kazi, sisi hatuitaki. Wala hatutaki mkulima wa Namawala aambiwe hana ruhusa ya kuchimba mfereji wa shamba lake kwa kuwa hakusoma chuo kikuu.

Sisi tuliosoma vyuoni tunaijua leseni ya namna nyingine, nayo ni ijaza. Mwalimu hampi mwanafunzi ijaza ili apate jina. Humpa kwa sababu amesikia kila herufi kutoka kinywani mwake, na baada ya hapo mwanafunzi akikosea, kosa lina njia ya kurudi: kwa nani umesoma? Naye alisoma kwa nani? Elimu isiyo na isnadi hatuipokei, hata kama mwenye nayo ana kilemba kirefu. Basi na ramani ya bonde iwe na isnadi. Msanifu aandike: maji yalifika mti huu mwaka fulani, nimeambiwa na mzee wa kijiji fulani mbele ya mkutano wa kijiji, na nimekwenda mwenyewe masika na kiangazi nikaona. Chini yake atie mkono na namba yake ya usajili. Mzee hatahitaji leseni. Yeye ni shahidi. Mwenye leseni ndiye atakayebeba dhamana ya kumuuliza na kutomuuliza.

Wengine watasema wasanifu wa mandhari waliosajiliwa ni wachache, na tukingoja mkono wao kila jambo litasimama. Majibu ni mepesi. Kazi ndogo za mtu na shamba lake ziachwe. Lakini viwanja vya mji mpya, tuta la mto, shamba la maelfu ya hekta, mpaka wa pori na bwawa, hayo yasipitishwe mahali panapofikiwa na maji mpaka uwepo mkono huo. Kazi ikilazimishwa na sheria, vijana watakwenda kuisomea. Leo kijana asomee nini fani ambayo Serikali yenyewe haimuulizi mtu kama anayo?

Na sasa tugeuke kwetu, maana twaweza kudhaniwa kuwa tunaona kibanzi cha Bara tu. Mji wa Zanzibar umechorwa mara nne na wageni: Lanchester mwaka 1923, Kendall mwaka 1958, Wajerumani wa Mashariki mwaka 1968, Wachina mwaka 1982. Kila mmoja alifunga mizigo akaenda zake, na ramani ikabaki. Ile hori iliyotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ilifukiwa, na bamvua likiwa kubwa maji ya bahari hurudi uwanja wa Mnazi Mmoja kutazama nyumba yao ya zamani. Mvua kubwa zikinyesha, watu wa Mwanakwerekwe wanajua wenyewe. Hatuna wa kumuuliza hata mmoja katika hao wanne.

Usajili wa fani hizi haumo katika orodha ya mambo ya Muungano. Hakuna wa kutuzuia wala wa kumsingizia. Tunayo bodi yetu hapa ya wachoraji majengo, wahandisi na wakadiriaji, na tunalo Baraza la Wawakilishi. Twawataka wajumbe wanaotusemea humo waulize mambo matatu kikao kitakapoketi. Kwanza, ni wasanifu wa mandhari wangapi wamo katika daftari la Zanzibar, na wametia mkono kazi gani za Serikali? Pili, viwanja vilivyogawiwa katika mabonde na njia za maji vilipitishwa kwa saini ya nani, kwa jina lake? Tatu, mwananchi aliyeingiliwa na maji kwa sababu ya kiwanja cha jirani kuinuliwa, apeleke wapi shitaka lake dhidi ya aliyechora, na atajibiwa kwa lugha gani? Wenzetu wa Bara tunaoshirikiana nao wayapeleke maswali hayo hayo Dodoma kwa ajili ya Kilombero, wakiongeza hili la mita 60.

Kwa matawi yetu tuna kazi. Kila tawi limtafute mzee, mwanamume au mwanamke, ajuaye njia za maji za mtaa au shehia yake kabla hazijafukiwa: vijito, maziwa ya masika, visima, mabonde ya mpunga yaliyogeuzwa viwanja. Yaandikwe majina ya mahali hapo, aliyesimulia na aliyeandika, na mwaka ambao maji yalifika mwisho. Karatasi ziletwe ofisini kabla ya vuli.